Upepo wa Tairi la Nne

Gari la Daktari lilikuwa limelazwa nyuma ya kituo, kati ya pikipiki zilizokamatwa na rundo la mabati, na kila aliyepita alilitupia jicho mara moja kisha akaangalia pembeni. Paa lilikuwa limeshuka mpaka kwenye usukani. Inspekta alilizunguka mara tatu, goti lake bovu likimsuta kila alipoinama, halafu akakaa juu ya tofali na kuisoma tena ripoti ya mkaguzi wa magari. Ilikuwa na kurasa mbili na hitimisho la mstari mmoja: breki hazifanyi kazi.

Hakukuwa na kilichofanya kazi. Gari lililoporomoka mita arobaini juu ya mawe hata honi halina. Lakini mkaguzi alikuwa ameulizwa kama breki zinafanya kazi, akajibu alichoulizwa, akagonga muhuri, akaenda kula. Zilikufa lini, hilo halikuwa kwenye fomu.

Kesi yenyewe wenzake walikwisha kuimaliza. Jumamosi iliyopita watu wanne wa kikundi cha kupandisha magari milimani walikwenda, kila mmoja na gari lake, kwenye njia ya mawe inayopanda mlima hadi juu. Walikuwa Mwenyekiti wa kikundi, ambaye ni mkandarasi wa majengo. Mwalimu, mama mmoja anayefundisha hesabu. Daktari wa meno. Na shemeji yake Daktari, yaani kaka wa mkewe. Jioni walirudi watatu. Wote waliandika kwamba Daktari alikuwa akipanda Ngazi, ule mwinuko wa mawe unaoogopwa kuliko mingine yote, akakanyaga breki zikakataa, akapaza sauti kwamba breki zimekufa, gari likarudi nyuma na kutumbukia bondeni. Siku mbili kabla ya hapo, fundi mmoja mwenye kibanda cha gereji alikuwa amebadilisha mabomba ya breki ya gari hilo. Fundi akakamatwa Jumapili. Jumatatu akakiri. Leo ilikuwa Alhamisi, na ikifika saa tisa alasiri faili lilitakiwa liwe juu ya meza ya mwendesha mashtaka, ili kesho yake Fundi apandishwe kizimbani kwa kosa la kuua kwa uzembe.

"Mtu amekiri," Bosi alimwambia asubuhi ile, bila kuinua macho kwenye simu yake. "Mtu akikiri, mama, unamtafutia nini tena?"

Inspekta alikuwa na sababu mbili, na zote hazikuwa za kumwambia Bosi. Ya kwanza, maelezo ya wale watatu yalifanana hata pale palipokosewa. Alikuwa amelea watoto watatu, na alijua kwamba watatu waliovunja sahani moja hawasimulii kwa maneno yaleyale isipokuwa wamekaa kikao kwanza. Ya pili ilikuwa ungamo lenyewe. Fundi alikuwa ameandika hivi: *Nimewaza usiku kucha. Labda nati moja sikuikaza sawasawa. Wale ni watu wenye heshima zao, hawawezi kusema jambo ambalo halipo.* Huyo hakuwa mtu aliyekumbuka kosa lake. Alikuwa ameaminishwa.

Alipotaka kusimama aliegemea tairi la mbele, na tairi halikubonyea. Akaegemea la nyuma. Gumu vilevile. Akamwita askari wa zamu na kumtuma ng'ambo ya barabara kwa mzee wa pancha.

Mzee alikuja na kipimo chake cha upepo kikining'inia shingoni, akayapima matairi yote manne bila kuuliza ni ya nani. La kwanza, thelathini na tano. La pili, thelathini na tano. La tatu, hivyohivyo. La nne, la mbele kulia, ishirini na saba.

"Hawa wa mawe ni wateja wangu," mzee alisema. "Wakifika chini ya mlima hupunguza upepo mpaka kumi na nane. Tairi linalegea, linashika jiwe. Wakimaliza mawe ndipo hujaza tena, warudi nyumbani kwa barabara. Hakuna hata mmoja anayepanda na thelathini na tano, mama. Atang'oka meno." Alikumbuka marehemu alikuwa nani, akaona haya, akajikohoza.

"Na hili la ishirini na saba?"

"Hili mtu alikuwa analijaza. Akaachia njiani." Alipitisha kidole kwenye valvu. "Na kifuniko chake hakipo."

Inspekta alikwenda chumba cha vielelezo, akatoa mfuko wa vitu vilivyopatikana mwilini mwa marehemu. Saa iliyosimama, funguo, leso, na kitu kimoja ambacho karani wa mochwari alikiandika *kiplastiki cheusi, mfuko wa shati*. Alirudi nacho uani. Alikizungusha kwenye valvu ya tairi la nne kikakaa, na hata mzee wa pancha alielewa. Daktari hakufa akiendesha. Alikufa akiwa chini, amechuchumaa, akijaza upepo wa tairi la mwisho, wakati mawe yalikwisha pandwa na hatari ilikwisha pita.

Hapo ndipo Inspekta alipoikosea kesi, na lazima isemwe, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuificha. Alimtilia shaka mtu asiyehusika na kifo hicho. Mjane alikuwa ameeleza kwamba mumewe na Shemeji walinuniana mwaka mzima kwa sababu ya nyumba ya marehemu mama yake mjane, na orodha ya kikundi ilionyesha kwamba kompresa ya kujazia upepo ilibebwa na gari la mwisho, gari la Shemeji. Chuki ipo, chombo kipo. Inspekta alimpigia Shemeji simu, akamwomba kwa upole ampeleke akaione Ngazi kwa macho yake kabla ya kufunga faili. Shemeji alikubali haraka.

Alikuwa muuza vioo, mwanamume mpole mwenye makovu membamba kwenye vidole vyote. Njiani aliendesha akiwa amekaza mabega. Walipofika chini ya mlima, pale lami inapokatika, Inspekta alimwomba afanye kila kitu kama Jumamosi, asiruke hata kimoja, ili apate picha. Shemeji alishuka, akafungua upepo wa matairi, moja baada ya jingine, akihesabu kimoyomoyo. Kisha akasogeza gia ndogo iliyo pembeni ya ile kubwa. Akamweleza kwamba hiyo ndiyo inayolipa gari nguvu ya kupanda polepole. Bila hiyo, mawe yale hayapandiki.

Mawe yalikuwa makubwa kuliko maelezo yoyote kwenye faili. Gari lilipanda kwa mguu mmoja kwanza, likatulia, likaleta mwingine, na kuna mahali Inspekta aliona mbingu tupu mbele ya kioo akashika mlango kwa mikono miwili. Shemeji alibadilika. Mabega yalishuka, macho yakachangamka, akaanza kueleza: kwamba penye jiwe baya mmoja hushuka na kuwaongoza wenzake kwa ishara za mikono, na dereva haruhusiwi kutazama kitu kingine isipokuwa mikono hiyo. Kwamba miaka sita hakuna aliyewahi kuumia hata ukucha. Aliyasema hayo kwa majivuno, halafu akakumbuka Jumamosi.

Wakaipanda Ngazi. Juu yake, hatua kama thelathini tu, mawe yaliisha, pakawa na uwanda mdogo wa changarawe unaoinama kidogo kuelekea bonde. Upande wa pili ilianza barabara nzuri ya kurudi. Inspekta alichungulia: kitu kikianguka kutoka Ngazi au kutoka uwanda huu, kinaishia bonde lilelile. Ndiyo maana uongo wao ulikuwa umekaa vizuri.

Shemeji alizima gari likiwa kwenye gia ya kwanza, breki ya mkono hakuigusa. Akashuka, akafungua nyuma, akatoa kompresa, akaburuta mpira wake mpaka tairi la mbele. Alichuchumaa. Akafungua kifuniko cha valvu na kukitia kwenye mfuko wa shati.

Mkono wake ulibaki mfukoni.

Inspekta alitoa kile kifuniko kingine, cha marehemu, akakiweka juu ya boneti. Shemeji alikitazama, kisha akakaa chini kwenye changarawe na kuegemeza kichwa kwenye gurudumu.

"Si mimi," alisema. "Dada, Mungu ananiona. Mimi nilikuwa huku nyuma, kwenye kompresa. Na siku ile ndiyo tulikuwa tumepatana."

Inspekta alimwambia aanze mwanzo, asimfiche kitu. Shemeji alieleza kwamba safari ile ilipangwa na dada yake hasa ili wanaume wawili wapatane, na kweli walipatana, pale chini walipokula mkate wakitaniana kuhusu nani mnene. Walipofika uwandani mawingu yalikuwa yamekusanyika. Kanuni ya kikundi ni kwamba gari likisimama linatiwa kabari mbili za mbao kwenye magurudumu. Mwenyekiti akasema waachane na kabari, mvua inakuja, gari lililo kwenye gia linajishikilia lenyewe. Hilo ni kweli, alisema Shemeji. Linajishikilia, ilimradi ile gia ndogo isiguswe.

"Nani aliigusa?"

Hapo ilimbidi aeleze desturi ya Mwenyekiti. Mwaka juzi Mwalimu alisahau kurudisha gia ndogo, akaendesha hivyo mpaka nyumbani, akaunguza gari. Tangu siku ile Mwenyekiti hakumwamini mtu. Kila walipomaliza mawe, wenzake wakijaza upepo, yeye hupita gari hadi gari, anafungua mlango, anarudisha gia ndogo kwa mkono wake, anafunga mlango, anakwenda kwa jingine. Walimcheka, wakamwita Mfunua Vyungu, kwa maana hakuna chungu cha mtu asichofunua. Kwenye gari lake mwenyewe gia ile hurudi kwa hatua moja. Kwenye gari la Daktari ni hatua mbili, na katikati yake gari halishikwi na kitu chochote.

Inspekta alikumbuka mstari wa kumi na moja wa ripoti ya mkaguzi: *gia ndogo, katikati*. Mkaguzi aliuandika kwa hati nzuri na hakujiuliza kitu. Gia ikiwa hapo, gari haliwezi kupanda hata kizingiti cha mlango, sembuse Ngazi.

"Alisogeza mara moja, akafunga mlango, akaondoka," Shemeji alisema. "Hakuangalia nyuma. Gari likaanza kwenda polepole tu, kama mtu anayesukumwa na usingizi. Bwana shemeji alikuwa amechuchumaa mbele ya tairi, kaupa bonde mgongo. Nilihisi mpira unanitoka mkononi."

Alilia hapo, na Inspekta alimwacha alie. Alimwonea huruma, lakini si sana. Kisha akamuuliza Fundi aliingiaje kwenye habari hii.

Shemeji alisema ni Mwenyekiti. Kabla hawajapiga simu kwa mtu yeyote, Mwenyekiti aliwaketisha palepale. Alikumbuka kwamba asubuhi Daktari alijisifu kuwa breki ni mpya, ametengenezewa juzi na fundi wa kibandani. Mwalimu alikataa kwanza, akaambiwa kwamba desturi hii ya gia ilianza kwa uzembe wake. Shemeji naye alikataa.

"Akaniambia, 'Mwaka mzima hamsemezani, na leo amekufa wewe umeshika mpira. Unadhani dada yako atamwamini nani?'" Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nikaandika."

Aliandika tena siku hiyo, kwenye boneti ya gari, kurasa tatu, na safari hii maneno yake hayakufanana na ya mtu mwingine. Kisha akajaza upepo matairi yote manne, kwa sababu walikuwa wanarudi kwa barabara, na akatia kabari kabla ya kuanza. Inspekta alipoliona hilo lilimuuma zaidi kuliko machozi ya Shemeji. Njiani alimpigia simu Mwalimu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akasema alikuwa akiisubiri simu hiyo tangu Jumapili.

Ofisi ya Mwenyekiti ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo alilolijenga mwenyewe. Kutani kulikuwa na ramani za majengo na picha moja kubwa ya kikundi juu ya mlima, wote wanne wakiwa wameinua mikono. Alimkaribisha Inspekta kwa mikono miwili, akamwita dada yangu, akaagiza chai. Alipoona kifuniko mezani hakukitambua. Alipoona sahihi ya Shemeji alikitambua.

Hakubishana sana, alikuwa mtu wa mahesabu na hesabu aliiona imekataa. Alisema lilikuwa kosa la sekunde moja, ambalo lingempata yeyote, na kwamba alifanya vile kwa kuwajali wenzake.

"La gia ni la sekunde moja, nakubali," Inspekta alisema. "La Fundi leo lina siku tano. Hilo nalo liliponyoka?"

Mwenyekiti alikoroga chai yake, ingawa hakuwa ametia sukari. "Dada yangu, tuongee kama watu wazima. Mimi nikianguka, naanguka na familia mia mbili zinazokula kwangu. Yule ni mtu mmoja na kibanda. Angekaa ndani mwaka, miwili. Mkewe ningemtunza, wanawe ningewasomesha. Hapo nani angepoteza?"

Kilichomchefua Inspekta ni kwamba mtu huyu hakuwa anatania. Alikuwa amelipima jambo, kama anavyopima kokoto na saruji, akaona limesimama. Alimwambia avae koti. Kwenye ngazi Mwenyekiti aliuliza kama wangeweza kupitia mlango wa nyuma, wafanyakazi wasione. Inspekta alisema goti lake linauma, mlango wa mbele ndio wa karibu.

Saa tisa kasoro dakika kumi aliweka faili mbele ya Bosi. Bosi alisoma ukurasa wa kwanza, akaruka mpaka wa mwisho, akashusha pumzi. Akasema geti la kituo lilijengwa na Mwenyekiti, bure, mwaka jana. Inspekta alisema anajua, maana kila siku anapita hapo. Bosi akasema ungamo la Fundi lipo na haliwezi kufutwa kwa siku moja. Kuna taratibu, kuna sahihi za juu, pengine hadi wiki ijayo. Inspekta alisema atangoja palepale ofisini. Alivuta kiti, akanyoosha mguu wenye goti bovu, akaweka mkoba wake sakafuni. Ilipofika saa kumi na moja kasorobo, Bosi aliitafuta kalamu yake.

Fundi alikuwa amekaa kwenye saruji, mgongo ukutani, viganja vyake vimefunguliwa juu ya magoti akivitazama. Mkuu wa mahabusu alisema ndivyo anavyoshinda tangu Jumatatu. Shingoni alikuwa na taulo jipya la buluu. Inspekta aliketi kwenye benchi nje ya vyuma na kumweleza yote, taratibu: upepo, kifuniko, gia ndogo, uwanda. Breki ulizozifunga zilikuwa nzima, alimwambia. Bomba lilikatika gari lilipotua, si kabla. Nati uliikaza.

Alitegemea mtu huyo alie, au acheke, au atukane. Fundi alikunja ngumi polepole, akazifungua, kama anayejaribu viatu vilivyorudi kutoka kwa mshonaji.

"Nilikuwa nimeapa sitashika spana tena," alisema.

"Utashika. Karatasi imesainiwa. Mkeo yuko nje."

Hakuinuka. Alikuwa akifikiri jambo, na lilimchukua muda, na Inspekta aliona usoni mwake lilipomfikia.

"Mwenyekiti alikuja hapa," alisema Fundi. "Juzi. Aliniletea sabuni na taulo hili. Akaniambia kikundi chote kimekaa, kimenisamehe. Akanishika kichwa, akaniombea dua."

Inspekta hakuwa na habari hiyo. Miaka ishirini na miwili ya kazi, na bado kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kuliona.

"Yuko wapi sasa?" Fundi aliuliza.

"Chumba cha pili, kushoto. Anaandika maelezo."

Fundi alilivua taulo, akalikunja kwa nne, akalinyoosha kingo kwa uangalifu wote wa mtu asiyependa kazi ya ovyo, akalipitisha kati ya vyuma.

"Mpe lake," alisema. "Na umwambie juzi nilimpigia magoti kumshukuru."